Nilisema ni Mtoto wa Jirani

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita mbele ya akina mama wenzangu hapa Dar es Salaam. Wengi mliniandikia kwamba mlishindwa kufika: huyu kazi ilimbana, huyu mtoto aliamka na homa, huyu vyote viwili kwa pamoja. Nimeyaweka hapa kama nilivyoyasema.

Shikamooni mama zangu. Wadogo zangu, hamjambo? Na ninyi kina baba mliojibana mistari ya nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele. Kuna mahali nitawataja, nisingependa muwe mmeshatoka.

Nimeombwa nizungumze juu ya kufanyia kazi nyumbani, juu ya cheo, na juu ya kulea. Kabla sijafundisha mtu chochote, naomba niungame.

Ilikuwa Aprili 2020. Mnakumbuka shule zilifungwa tarehe 17 Machi, na ofisi nyingi zikaanza kutuambia tukafanyie kazi nyumbani kwa zamu. Mimi ni mhasibu. Wahasibu mliomo humu mnajua wiki ya tarehe 20 inavyokuwa: ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, haimsubiri mtu, iwe corona, iwe mvua. Nilikuwa na binti wa miaka saba asiyekwenda shule, na mdogo wake wa miezi mitano aliyekuwa ananyonya. Baba yao alikuwa kazini Dodoma. Dada aliyekuwa akinisaidia kazi za nyumbani alikuwa ameaga mwezi mmoja nyuma, akasema kwao kuna matatizo, akapanda basi la Singida. Mkumbukeni huyo dada, nitamrudia.

Basi nimekaa kwenye meza ya kulia chakula, nyumba ya vyumba viwili Tabata, niko kwenye kikao cha mtandaoni na bosi wangu pamoja na mteja mkubwa. Mtoto akaanza kulia chumbani. Bosi akanyamaza, akauliza, "Samahani, kuna mtoto hapo?"

Nikajibu, "Hapana, ni mtoto wa jirani."

Nikazima maiki. Nikaendelea na kikao dakika arobaini. Nilipoingia chumbani nilimkuta amelala, usingizi ule wa mtoto aliyelia mpaka nguvu zikamwishia, bado anashtukashtuka kwa kwikwi. Na maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yangu yote ya kikao.

Dada zangu, nilimkana mwanangu. Nilimzaa kwa uchungu, nikamkana kwa sentensi moja. Na nani alinilazimisha? Hakuna. Hakuna kanuni ya ofisi iliyosema mtoto asisikike. Bosi alikuwa ameuliza tu. Lakini mwili wangu ulikuwa umeshajua jibu kabla kichwa hakijafikiri, kwa sababu kwa miaka kumi nilikuwa nimewasikia watu ofisini wakisema juu ya mwanamke mwingine, "Yule siku hizi akili yake iko kwa mtoto."

Wangapi humu mmewahi kumficha mtoto? Msinyooshe mikono. Nawaona.

Sasa niwape kisa cha mama mmoja wa Uingereza. Stephanie Shirley aliingia Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto wa miaka mitano, mkimbizi wa Kiyahudi. Akakua, akawa mtaalamu wa programu za kompyuta wakati ambao watu wengi hawakuwa wameiona kompyuta kwa macho. Mwaka 1962 aliacha ajira, akaanzisha kampuni yake nyumbani, juu ya meza ya chakula, kwa mtaji wa pauni sita. Aliwaajiri wanawake wenye ujuzi waliokuwa wameacha kazi kwa sababu ya ndoa na watoto, akawaacha wafanyie kazi makwao. Swali mojawapo aliloliuliza mtu anapoomba kazi lilikuwa: je, una simu nyumbani? Katika wafanyakazi wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake. Hao akina mama wa nyumbani ndio walioandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde.

Lakini sikilizeni alivyoanza. Barua zake za kuwaomba wateja kazi hazikujibiwa mpaka alipoacha kusaini Stephanie na kuanza kusaini Steve, jina la kiume. Na alipozaa, mwaka mmoja baada ya kuanza kampuni, mteja alipopiga simu alikuwa akiwasha kanda iliyorekodiwa sauti za mashine ya chapa, zikalia taka-taka-taka, ili mteja adhani yuko ofisini na asimsikie mtoto.

Miaka 57 kati ya kanda yake na maiki yangu. Miaka 57! Mashine imebadilika, ndege ya Concorde imeruka na kustaafu, na mama bado anatafuta jinsi ya kuifunika sauti ya mtoto.

Hilo ndilo neno langu la leo, hata kama nitalizunguka kwa njia nyingi. Ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani inayopatikana kwa kumficha mtoto si ruhusa. Ni mkopo, na riba yake ni mbaya. Unaulipa usiku kwa usingizi wako, unaulipa kwa mtoto, halafu mwisho unaulipa kwenye cheo.

Tuanze na usiku.

Mama anayejificha hufanyaje? Mchana anajigawa vipande, nusu kwa mtoto na nusu kwa kazi, na moyoni anajiona ameiba pande zote mbili. Basi watoto wakilala anafungua kompyuta "kufidia". Mimi nilifidia mwaka mzima. Saa nne usiku natuma ripoti, na bosi akiona niko macho saa nne, naye ananijibu saa nne na nusu na kazi nyingine. Namlaumu? Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mlango wangu hauna komeo.

Ndugu zangu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 mmeisoma? Siyo lazima uwe mwanasheria. Inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, zisizidi tisa kwa siku. Inasema kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho kuwe na mapumziko ya saa 12 mfululizo. Na usiku, kwa sheria hiyo, huanza saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya angalau asilimia tano ya mshahara wa msingi. Tena mama aliyejifungua haruhusiwi kupangiwa kazi ya usiku katika miezi miwili ya mwanzo. Kweli, mameneja wanaoripoti kwa uongozi wa juu hawaguswi na sehemu ya saa za kazi, kwa hiyo mkuu wa idara asije akanukuu maneno yangu kwa mkurugenzi wake. Lakini wengi wetu hapa si wakuu wa idara. Wengi wetu tunafanya kazi ya usiku bila kuiita kazi ya usiku, kwa sababu tumeifanyia kitandani.

Sheria hiyohiyo inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Inakupa mpaka saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kunyonyesha. Ndani ya saa za kazi! Sasa pigeni hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Kliniki wanatuambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Siku 84 ni wiki 12, hazifiki hata miezi mitatu. Miezi mitatu iliyobaki mtoto atanyonya wapi? Atanyonya katika zile saa mbili. Na kwa mtu anayekaa Mbagala na ofisi yake iko Posta, katikati ya jiji, foleni peke yake inazimeza saa mbili kabla hajamwona mtoto. Wenzetu wa Kenya, sheria yao ya afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Sisi, kwa wengi wetu, mahali pekee ambapo zile saa mbili zinatumika kweli ni nyumbani. Kwa hiyo ukiomba kufanyia kazi nyumbani katika miezi hiyo, unaomba njia ya kuitumia haki ambayo tayari ni yako. Huombi fadhila. Iandike hivyo kwenye barua yako, kwa heshima, bila kupiga magoti.

Mtaniambia: dada, barua gani? Nafika.

Mwaka 2021 kilitangazwa cheo cha mkuu wa kitengo cha hesabu pale nilipokuwa. Nilikuwa na uzoefu, nilikuwa na CPA, cheti cha juu cha uhasibu, na kwa mwaka mzima hakuna ritani iliyochelewa mikononi mwangu. Cheo akapewa kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, kijana mwema, sina neno naye. Nikaenda kuuliza. Mkubwa akanijibu kwa upole kabisa, naamini alikuwa anajiona ananitendea wema: "Tulikuonea huruma. Una mtoto mdogo, na kazi hii ina safari za mikoani."

Huruma! Mtoto niliyemkana ili nionekane niko kazini, ndiye waliyemtumia kuninyima kazi. Kumbe walijua siku zote. Yule mtoto wa jirani walimjua ni wa nani. Na hakuna aliyeniuliza kama safari naziweza. Ningeulizwa ningesema ndiyo, mama yangu angetoka Moshi akakaa na watoto, kama alivyofanya mara nyingi.

Mwaka 2023 Tuzo ya Nobel ya uchumi ilikwenda kwa Claudia Goldin, mwanamke aliyechambua takwimu za zaidi ya miaka 200 za wanawake na ajira kule Marekani. Aliyoyaonyesha ukiyasikia unadhani amekaa ofisini kwako. Siku hizi sehemu kubwa ya tofauti ya kipato haipo kati ya mwanamume na mwanamke wanapoanza kazi. Hujitokeza baada ya mtoto wa kwanza. Kazi zenye mshahara mnono humlipa zaidi yule anayepatikana saa zote, usiku na Jumapili, na katika nyumba ya wawili lazima mmoja awepo mtoto anapougua. Ni nani huyo mmoja? Nyote mmecheka, kwa hiyo mnamjua.

Basi mimi, mara tu baada ya kunyimwa kile cheo, nilimwandikia bosi barua. Niliandika siku gani mbili kwa wiki nitakuwa nyumbani na siku gani tatu ofisini. Niliandika saa ninazopatikana kwa simu, na ile saa ya mchana ambayo sipatikani kwa sababu nanyonyesha. Neno lenyewe niliandika, "nanyonyesha", sikuandika "dharura za kifamilia". Niliandika kazi yangu ipimwe kwa nini: hesabu za mwezi zimefungwa tarehe ngapi, PAYE, kodi ya mishahara, imekwenda kabla ya tarehe 7, VAT kabla ya tarehe 20, hoja za wakaguzi zimejibiwa ngapi. Niliandika kwamba safari za mikoani naziweza nikipewa taarifa wiki mbili kabla, na kwamba nafasi ya kupanda ikitokea, naomba niulizwe. Na mwisho niliandika tuyatazame makubaliano baada ya miezi mitatu, yakishindikana tuyabadilishe.

Bosi aliisoma mbele yangu. Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia hivi. Huwa mnaomba ruhusa siku hiyohiyo asubuhi." Akasaini. Alibadilisha kitu kimoja tu: siku ya Jumatatu alinitaka ofisini.

Sisemi kila bosi atasaini. Dada mmoja aliyeketi hapa aliandika barua nzuri kuliko yangu akajibiwa kwa mstari mmoja: "Ofisi haina utaratibu huo." Inauma. Uingereza wazazi wa watoto wadogo walipata haki ya kuomba utaratibu wa namna hii mwaka 2003, na tangu Aprili 2024 mfanyakazi anaweza kuomba tangu siku yake ya kwanza kazini. Na hata hiyo ni haki ya kuomba tu, siyo ya kupewa. Lakini tazama tofauti: ukiomba kwa maandishi, anayekataa naye analazimika kufikiri sababu. Barua kumi kwenye faili la ofisa utumishi zinaanza kufanana na sera. Yule dada aliyekataliwa, wenzake wanne wamekwisha kuandika baada yake.

Kitu kimoja nilikisahau kwenye barua yangu, ninyi msikisahau: gharama. Mwaka 2023 wakati wa mgao wa umeme nilinunua betri na inveta kwa pesa ya ada. Bando nilinunua mimi, umeme wa LUKU nilinunua mimi. Na mnakumbuka Mei 2024, mikongo ya intaneti ya baharini, EASSy na Seacom, ilipokatika Jumapili ile? Jumatatu asubuhi nyumba yangu ilikuwa nyumba tu, haikuwa ofisi tena. Nilimbeba mtoto nikaenda naye mjini kutafuta mtandao. Kwa hiyo andikeni: bando la nani, umeme wa nani, na mtandao ukikatika tunafanyaje.

Kina baba, nimefika kwenu. Sheria inawapa siku 3 mtoto anapozaliwa. Tatu! Kenya ni wiki mbili. Siwalaumu kwa siku tatu, hamkuzitunga ninyi. Lakini nataka mjue jambo hili. Mwaka 2022 mume wangu naye alikuwa na siku moja ya kufanyia kazi nyumbani. Yule yule mtoto, sasa miaka miwili na ushee, akaingia kwenye kikao cha baba yake akampandia mapajani. Nilikuwa jikoni, nikasikia watu wanacheka kwa furaha kwenye kompyuta. Mmoja akasema, "Hongera sana mhandisi, baba bora huyo." Alipandishwa daraja mwaka uleule. Simuonei wivu, nampenda na alistahili. Lakini mtoto ni yule yule. Sauti ni ile ile. Kwa baba ni sifa, kwa mama ni dosari. Basi ninyi mnaopewa sifa hiyo bure, itumieni. Kaeni na watoto kwenye vikao vyenu, wasikike. Mkiwa wengi, siku moja hakuna atakayeuliza, "Kuna mtoto hapo?"

Wadogo zangu mnaofanya biashara nyumbani, mnaooka keki, mnaoshona, mnaouza vitenge kwa WhatsApp, ninyi hamna bosi wa kumwandikia, na hamna siku 84. Nawajua wawili waliorudi jikoni siku ya tisa baada ya kujifungua. Sina maneno mengi kwenu ila moja: wateja nao waambiwe. Tangazeni mapema kwamba mwezi fulani hampokei oda, mimi mama naenda kujifungua. Mteja mzuri atarudi, tena na zawadi.

Sasa nirudi kwa yule dada aliyepanda basi la Singida.

Alirejea Juni 2020, nami nikamshukuru Mungu, maana bila yeye nisingefika popote. Haya yote niliyowasimulia, barua, ripoti, safari za mikoani, yamesimama juu ya mgongo wake. Mwanamke anayefanyia kazi nyumbani huku mwanamke mwingine anafanya kazi nyumba hiyohiyo: hilo tunalizungumza mara ngapi katika mikutano yetu? Mara nyingi tunamtaja pale anapochelewa kurudi likizo.

Siku moja mwaka 2021, ni wiki chache tu tangu ninyimwe kile cheo, niko mezani na hesabu zangu. Simu yake ikaita jikoni. Nilisikia sauti ya mtoto mdogo, inaita, "Mama! Mama!" Yeye akaipunguza sauti haraka, akanong'ona kidogo, akakata. Nikamwuliza kutoka mezani, bila kufikiri, kama vile mimi nilivyoulizwa: "Nani huyo?"

Akajibu, "Ni mtoto wa dada yangu."

Mama zangu, kalamu ilinidondoka. Niliijua sentensi ile. Niliijua mpaka sauti yake.

Nikaenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia habari ya mtoto wa jirani. Nilimwambia yote kama nilivyowaambia ninyi. Akalia, kisha akasema. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne, yuko kwa bibi yake Iramba, hukohuko Singida. Matatizo ya Machi 2020 yalikuwa ni huyo mtoto, aliugua surua. Nyumba mbili kabla ya yangu zilimkataa kazi aliposema ana mtoto, basi alipofika kwangu alisema hana. Miaka miwili alikuwa amemlea mwanangu akiwa amemficha wa kwake. Wakati mimi nanyonyesha ile saa yangu ya mchana, iliyosainiwa na bosi, yeye alikuwa anaosha vyombo akisubiri nilale ndipo apige simu kwao.

Na ile sheria niliyowanukulia hapa, ile ya saa 45 na mapumziko ya saa 12 na siku 84, haikuandikwa kwa ajili ya wahasibu peke yao. Dada wa kazi ni mwajiriwa. Mwajiri wake nani? Ni mimi.

Tuliandika mkataba, mimi na yeye, kwenye meza ile ile. Nimemwandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Desemba na Juni anakwenda Iramba, na nauli ni yangu. Na kila siku saa saba mchana anaingia chumbani kwake na simu, anafunga mlango. Saa hiyo mimi ndiye ninayekaa na watoto, na kikao kikiangukia hapo nawaambia wenzangu nina mtoto hapa, atasikika. Siku nyingine mtandao wa Iramba unakuwa mzuri, basi nasikia mpaka sebuleni kijana anamsomea mama yake hesabu za darasani, moja moja, kwa sauti ya juu kabisa.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.